Gari Linapokosa Nguvu: Tuliyojifunza Kwenye Mlima wa Muyenga



Safari hii tumeona tuzungumzie jambo la nyumbani kabisa, lenye kugusa mfuko wa familia na usalama wake: gari linapokuwa zito. Unakanyaga mafuta, injini inanguruma, lakini gari halichukui mwendo kama ilivyokuwa desturi yake. Jamaa zetu wengi hapa Kampala wamepambana na tatizo hili, na baadhi yao wametoa fedha nyingi kabla hata ya kujua ugonjwa wenyewe ni upi. Sisi nasi lilitufika mwaka jana. Katika kulitafutia dawa tulikutana na swali moja ambalo hatukulitegemea, swali ambalo halikuwa la ufundi peke yake. Hilo ndilo lililotufanya tuandike.

Kwa nini si jambo dogo

Makazi yetu ni Kabalagala, upande wa kusini mashariki wa jiji. Anayeufahamu mtaa huu anajua njia panda yake: Barabara ya Ggaba inatoka mjini kupitia Nsambya, inapita hapa na kuendelea Kansanga hadi ziwani, na hapo hapo inaanza Barabara ya Tank Hill inayopanda kilima cha Muyenga, kule juu kwenye matangi ya maji. Asubuhi taksi, bodaboda na malori hujaa pale kama siafu. Mwenye gari anayetoka uchochoroni hupata nafasi ya kuingia barabarani ya sekunde chache tu. Gari likisitasita katika sekunde hizo, lori lililo mbali linakuwa karibu.

Gari letu ni dogo, la Kijapani, injini ya 1500 cc, giaboksi ya otomatiki. Tulilinunua likiwa limeshatumika, kama wanavyonunua wengi. Kazi yake ni kupeleka watoto watatu shule upande wa Kibuli, kumpeleka bibi yao kliniki, na siku za mapumziko kutufikisha kwa jamaa. Miezi michache baada ya kulinunua tukaanza kuona linachoka. Kwanza ilikuwa mlimani tu. Kisha ikawa hata kwenye tambarare, tukiwa wote ndani, gari linakwenda kama mtu aliyebeba gunia. Mama watoto, ambaye ndiye huendesha asubuhi, alisema neno moja tu: "Siingii tena barabara kuu na watoto wangu kwa gari hili mpaka lijulikane lina nini." Basi tukaafikiana hivyo.

Ushauri wa mtaani

Habari ikienea kuwa gari lako ni bovu, kila mtu huwa fundi. Jirani mmoja alisema ni pampu ya petroli. Mwingine akasema giaboksi imekwisha, tutafute nyingine ya mtumba. Wa tatu akasema gari lenyewe liuzwe kabla halijafa. Wote walikuwa na nia njema, na kila mmoja alikuwa anasimulia ugonjwa wa gari lake mwenyewe.

Sisi tulikwenda kwa fundi wa mtaani tunayemwamini, mtu wa makamo mwenye gereji ndogo ya mabati. Yeye alianza kwa maswali kabla hata ya kufungua boneti. Tatizo lilianza ghafla au pole pole? Lilianza baada ya kujaza mafuta mahali fulani? Ni baridi au moto? Mlimani tu au popote? Injini inatikisika ikiwa imesimama? Kuna moshi, na rangi gani? Mshale wa resi unafanya nini unapokanyaga?

Hilo la mwisho alitufafanulia vizuri, na tunalipitisha kwenu kwa sababu linaweza kuokoa fedha nyingi. Ukikanyaga mafuta, mshale wa resi ukapanda juu haraka na injini ikalia, lakini gari halifuati, basi nguvu ipo ila inapotea njiani: tazama giaboksi, au klachi kwa gari la manyuo. Lakini mshale ukipanda kwa uvivu, injini yenyewe ikawa kama imefungwa kamba, basi giaboksi usiiguse. Injini haitoi nguvu, au kuna kitu kinalishika gari lisiende. Letu lilikuwa la aina hii ya pili. Kwa jibu hilo moja habari ya giaboksi ya mtumba ikafa palepale.

Kipimo cha mlima

Binti yetu mkubwa, ambaye yuko chuo, alinunua daftari dogo. Fundi alikuwa ametupa sharti: kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha kupima, kisha kuandika. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja gari likapona, hutajua ni kipi kilichoponya. Na lisipopona, umeshalipia vitatu.

Mizani yetu ikawa Barabara ya Tank Hill. Baada ya swala ya Alfajiri, kabla magari hayajawa mengi, tulikuwa tukipanda mahali palepale, watu wawili walewale ndani, kiyoyozi kimezimwa. Mmoja anaendesha, binti anahesabu kwa simu: gari linachukua sekunde ngapi kutoka kusimama hadi kilomita 40 kwa saa? Siku ya kwanza aliandika sekunde 17. Kwa mlima ule, gari zima la aina yake halipaswi kuchukua muda kama huo.

Hapa inafaa tutaje jambo ambalo huwachanganya wageni wetu kutoka pwani. Kampala iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam kwa takriban sehemu moja katika kumi, na injini isiyo na taabo hupoteza nguvu kwa kiasi hichohicho. Shemeji yetu akija na gari lake kutoka Mombasa hulalamika kila mara kwamba limelegea. Huo si ugonjwa, ni mwinuko. Letu lakini halikuwa limetoka pwani. Lilikuwa likipanda kilima hichohicho vizuri, na sasa halipandi.

Kuanza na vya bure

Fundi alianza na mambo yasiyogharimu kitu. Magurudumu kwanza: upepo ulitosha, sawasawa na maandishi yaliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kisha breki. Breki iliyoganda hulishika gari kutwa nzima, na dereva akadhani injini imechoka. Kuipima ni rahisi. Endesha mwendo mfupi bila kukanyaga breki sana, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Lililo la moto kupita wenzake ndilo linaloshikwa. Pia weka gari huru mahali tambarare, ulisukume kwa mkono. Letu lilikwenda bila ubishi. Breki zikafutwa kwenye orodha.

Akatazama pia kama pedali ya mafuta inafika mwisho. Inachekesha, lakini alisema amewahi kukuta zulia la miguuni limejikunja chini ya pedali, na mwenye gari ameshanunua pampu mpya.

Baada ya hapo alitueleza kwa maneno ambayo hata mdogo wetu wa darasa la tano aliyaelewa: "Injini ina mahitaji manne. Ipate hewa, ipate mafuta, ipate moto, na ipumue nje. Ukikosa kimoja, vitatu havisaidii."

Hewa

Chujio la hewa lilipotolewa lilikuwa na rangi ya matofali. Sisi wenye nyumba kwenye vichochoro visivyo na lami tunalijua vumbi lile jekundu. Linaingia hadi ndani ya kabati za nguo, sembuse kwenye gari. Injini ya petroli inahitaji hewa nyingi mno: kilo 14 na zaidi za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Kwa hiyo chujio likiziba injini hupumua kwa tabu kama mtu aliyejifunika blanketi usoni. Tukanunua jipya. Sensa inayopima hewa iingiayo ikasafishwa kwa dawa yake maalumu, bila kuguswa kwa kitambaa, kwani waya wake ni mwembamba kama unywele.

Asubuhi iliyofuata tukapanda mlima. Sekunde 16. Binti akaandika: "Imepungua kidogo. Siyo yenyewe."

Mafuta

Hapa kuna maneno mengi mjini. Watu husema petroli imechanganywa na mafuta ya taa, na ni kweli kwamba mchezo huo umekuwapo. Ndiyo maana serikali ya Uganda ilianzisha mpango wa kutia alama maalumu kwenye mafuta yanayoingia nchini, na Shirika la Viwango la Uganda likahusika kukagua vituo. Lakini mafuta mabaya yana tabia yake: tatizo huja ghafla baada ya kujaza, injini hugonga au kutikisika, na aghalabu hupungua ukijaza mafuta safi kwingine. Letu lilikuja pole pole kwa miezi. Kwa hiyo hatukuwa na sababu ya kukituhumu kituo chochote, na kumtuhumu mtu bila ushahidi si jambo jema.

Fundi akafunga kipimo cha msukumo wa petroli. Mshale ukasimama karibu na paundi 45 kwa inchi ya mraba, kiwango kinachotakiwa kwa injini ile, na ukabaki hapo hata alipopiga resi. Pampu nzima, chujio la petroli halijaziba. Kipimo cha dakika 10 kilituepusha na kununua pampu ambayo jirani alikuwa na yakini nayo.

Moto

Plagi zilipofunguliwa, fundi alizipanga kwenye gazeti, akakaa kimya akizitazama. Tatu zilikuwa za aina moja na za umri mmoja. Ya nne ilikuwa ya kampuni nyingine, mpya zaidi. Na koili iliyokaa juu ya silinda hiyohiyo nayo ilikuwa mpya kuliko wenzake.

"Hajji," akamwambia baba watoto, "gari hili lilikuwa na silinda isiyowaka kabla halijafika kwenu. Mwenyewe alitengeneza silinda, lakini madhara yalikuwa yameshafika nyuma."

Hatukumwelewa mara moja. Silinda zote sasa zilikuwa zinawaka. Alizima koili moja moja kwa zamu, na kila alipozima moja injini ilitikisika, dalili ya kwamba kila silinda inafanya kazi yake. Tukaweka plagi nne mpya zinazofanana. Mlima ukatupa sekunde 16 zilezile. Kompyuta ya kupimia magari nayo iliunganishwa kwa shilingi 50,000, na haikuonyesha kosa lolote. Hilo nalo ni somo. Kompyuta husoma yale tu ambayo sensa zimeyaona, na ikinyamaza haina maana kwamba gari ni zima.

Kupumua nje

Ikabaki ile haja ya nne. Chini ya magari mengi ya petroli, kwenye bomba la moshi, kuna chombo ambacho mafundi wetu hukiita masega, kwa kuwa ndani yake kuna kauri yenye matundu madogo madogo kama sega la nyuki. Kuta za matundu hayo zimepakwa madini ya thamani, yaani platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wa injini ukipita humo ukiwa wa moto, sumu zake hugeuzwa. Gesi ya monoksidi ya kaboni, ile inayoua watu waliojifungia na jiko la mkaa, hutoka ikiwa kaboni dioksidi. Mvuke wa petroli isiyoungua hutoka ikiwa maji na kaboni dioksidi. Oksidi za naitrojeni, zinazochoma kifua, hutoka zikiwa naitrojeni ya kawaida tuliyonayo hewani siku zote.

Adui wa chombo hiki ni petroli mbichi. Silinda moja ikiacha kuwaka, petroli yake haiungui mahali pake, inakwenda kuungulia ndani ya masega. Joto linapanda kupita kiasi, kauri inayeyuka au inavunjika, vipande vinaziba matundu. Moshi hauna pa kutokea. Na injini isiyoweza kutoa pumzi ya zamani haiwezi kuvuta mpya. Ndiyo maana taa ya injini ikiwaka na kupepesa huku gari likitikisika, inatakiwa kuondoa mguu kwenye mafuta na kutafuta fundi siku hiyohiyo. Gari linaweza kuendelea kwenda, lakini kila kilomita inaharibu chombo cha gharama kuliko plagi.

Fundi alifungua sensa iliyoko kabla ya masega, akafunga kipimo mahali pake. Injini ikiwa katika mizunguko 2,500 kwa dakika, msukumo wa moshi haupaswi kuzidi kiasi cha paundi 3. Kwetu mshale ulipita 6. Akaligonga lile kopo kwa nyundo ya mpira, tukasikia vipande vikilia ndani kama njugu kwenye bati. Ugonjwa ukajulikana. Watoto, waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakila kabalagala, zile chapati ndogo za ndizi mbivu na unga wa muhogo zenye jina moja na mtaa wetu, wakapiga makofi kana kwamba gari limeshapona.

Swali lenyewe

Sasa ndugu wasomaji, hapa ndipo tulipofika penye mtihani.

Kijana mmoja wa pale gereji alisema kwa furaha: "Hii ni kazi ya saa moja! Tunalikata, tunayatoa masega yote, tunachomea kopo tupu. Gari litaruka kama swala, na mnalipa kidogo tu." Akaongeza kwamba yuko mtu atakayelichukua lile bovu bila kutusumbua. Fundi mwenyewe hakuficha. Alisema njia hiyo inafanyika kila siku, na gari kweli litapata nguvu. Njia ya pili ni kununua masega mapya, na bei yake ilikuwa karibu na ada ya muhula ya mtoto mmoja.

Tuliomba siku moja ya kufikiri. Usiku ule tulikaa watu wazima wa nyumba, na binti pamoja nasi. Hoja ya upande mmoja ilikuwa nzito: fedha hazipo, ada inakuja, na magari yanayotoa moshi barabarani ni maelfu, letu moja litaongeza nini? Hoja ya upande wa pili ilikuwa imelala chumba cha pili. Mtoto wetu wa kati ana pumu. Tunajua usiku wa kumkalisha kitako, na tunajua siku ambazo Barabara ya Ggaba humrudisha nyumbani akikohoa. Tunalalamika kuhusu moshi wa watu wengine kila wiki. Je, tulipie fundi ili gari letu liwe mmoja wao, likisimama na kunguruma mbele ya lango la shule, mabomba yakiwa sawa na vifua vya watoto?

Bibi, ambaye hajui masega wala sensa, aliuliza swali moja: "Huo moshi unakwenda wapi ukitoka?" Tukamjibu kuwa unakwenda hewani. "Hewa ya nani?" Hapakuwa na wa kumjibu. Kuondoa chenye kudhuru njiani ni jambo tunalowafundisha watoto tangu wadogo, kwa jiwe na kwa mwiba. Tusingeweza kuwaambia kwamba hukumu ni nyingine kwa kuwa hiki hakionekani.

Inafaa kukumbuka pia kwamba jambo hili limewahi kushughulikiwa kwa upana, na likawezekana. Zamani petroli ya kwetu ilikuwa na risasi, madini yanayoharibu akili za watoto, na ambayo pia huyaua masega kwa kuyafunika. Mwaka 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar zikaahidi kuiacha, na kufikia mwanzoni mwa 2006 ilikuwa imeondoka katika vituo vyetu. Ya mwisho duniani ilikuwa ya Algeria, mwaka 2021. Hapa Kampala, tangu 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere, kupitia mradi wa AirQo, wamekuwa wakiweka vipimo vya hewa mitaani, na hata juu ya bodaboda, ili watu wajue wanavuta nini. Na mwaka 2018 Uganda ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa. Juhudi zote hizo hazitafika mbali ikiwa kila mwenye gari atakwenda kwa siri gereji kutoboa chombo kilichowekwa kwa ajili ya jirani yake.

Tulivyofanya

Tuliamua kununua masega mapya, na kwa kuwa fedha hazikuwapo, gari lilikaa wiki tano. Wiki tano za taksi si mchezo kwa watoto watatu na mabegi. Tuliondoka nyumbani mapema zaidi, na baba watoto alibadilisha zamu kazini. Ada ililipwa kwanza. Kila wiki kiasi kidogo kikawekwa ndani ya bahasha iliyoandikwa "gari", na watoto wakawa wanaihesabu kila Ijumaa jioni kama mali yao.

Masega yale mabovu hatukumwachia mtu wa "kuyachukua bila kutusumbua". Hata yakiwa yameyeyuka, madini yamo, na wako wanunuzi wa chuma chakavu wanaolipa kwa ajili hiyo. Tuliuza wenyewe, tukaandikiana karatasi, na fedha yake ikapunguza sehemu ya bei ya mapya. Wasomaji wetu walizingatie hili: anayekwambia kopo lako bovu halina thamani, muombe akurudishie uondoke nalo, utamsikia atasema nini.

Kabla ya kufunga mapya, fundi alihakikisha tena kwamba silinda zote nne zinawaka sawa na hakuna oili inayoungua. Kuweka masega mapya kwenye injini isiyowaka vizuri ni kumwaga fedha mtoni. Kisha tukasubiri Alfajiri.

Sekunde 9. Binti alihesabu mara mbili kwa kuwa hakuamini, tukashuka chini tukapanda tena. Tisa. Kule juu karibu na matangi tulisimama kidogo, jiji likiwa bado na ukungu. Hatukuwa na la kusema zaidi ya alhamdulillah.

Kwa ufupi, kwa mwenye gari zito

Tunawaachia mpangilio tuliofundishwa, ili kila familia iuweke mahali.

Kwanza, andika dalili kabla ya kwenda gereji: lini, wapi, ghafla au pole pole, na mshale wa resi unafanya nini.

Pili, anza na vya bure: upepo wa magurudumu, breki zinazoshika, pedali na zulia lake.

Tatu, fuata mahitaji manne kwa zamu, hewa, mafuta, moto na kupumua nje. Pima kabla ya kununua. Badilisha kimoja, jaribu mahali palepale, andika.

Nne, kifaa kikishajulikana kuwa kibovu, uliza ni nini kilichokiua. Kifaa kipya juu ya sababu ya zamani kitakufa vilevile.

Tano, mtafute fundi anayeuliza maswali, na mlipe kwa ajili ya akili yake pia. Wako watu wanaobishana na fundi kwa sababu "hakubadilisha kitu, amepima tu". Kupima ndiko kulikotuokoa na pampu, giaboksi na pengine na kuuza gari lenyewe kwa bei ya hasara.

Na la sita ni kwa wanafunzi wetu hasa. Mkienda kujifunza ufundi au uhandisi, mtaulizwa siku moja kulifanya gari liende haraka kwa njia ya mkato. Mtakuwa na ujuzi wa kuifanya, na mteja mbele yenu atakuwa na haraka na mfuko mwepesi. Mwelezeni kilichomo ndani ya lile kopo na kazi yake. Wengi hukata kwa sababu hakuna aliyewaambia. Fundi wetu ametuarifu kwamba tangu siku ile huwauliza wateja wake swali la bibi kabla ya kuwasha mashine ya kukatia, na kwamba wako waliokunja noti zao wakaenda kujipanga upya.

Wabillahi tawfiq.